Lori Liko Bondeni, Kadoti Kako Kanisani

Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka. Magurudumu ya mbele yamepanda lami, ya nyuma bado yako kwenye matope ya Bondeni, Kibii ametoa mkono dirishani anatupungia sisi wa benchi, wakati simu yake ilipolia. Akasoma. Akazima injini.

"Naambiwa nitoke kanisani," akasema.

"Utoke vipi na hujaenda?" nikamuuliza.

Akatusomea. Habari ilikuwa ya madereva wote wa Njoki, mwenye malori: kuanzia leo Jumanne, kila dereva ataonekana kwa ramani ya simu, na asiyeonekana mahali pake, lori linapewa mwingine. Halafu chini, kwa Kibii peke yake: "Nimekutuma viazi Molo. Mbona uko kanisani Lanet? Saa nne ukiwa bado huko, Elphas anachukua lori. Na usirudi kazini."

Elphas, dereva wa akiba, alikuwa amesimama hapo hapo na blanketi kwapani. Alisogea tu karibu na mlango wa lori.

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha chai cha Anyango. Bwana yake, Masinde, tunamwita Tena, kwa sababu anaimba tena, ile sauti ya tatu, huko kwaya ya Lanet. Jumanne na Alhamisi ni mazoezi, hakosi. Ndiye alimpa Kibii hiyo simu Jumapili, wakabadilishana na gunia la viazi.

"Si simu, ni satelaiti," Masinde akasema haraka, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza. "Zimezeeka huko juu."

"Zizeeke zisahau dunia yote, zikumbuke Lanet peke yake?" nikamuuliza.

"Basi ni Menengai, mzee. Ule mlima unarudisha network. Kibii, panda juu ya lori!"

Kibii akapanda, mtu mzima wa kilo mia, akainua simu. "Niko wapi sasa?" akapiga kelele.

"Lanet," akajibu Elphas kwa upole. Yeye alikuwa anafuatilia ramani ya Njoki kwa simu yake.

Natasha, fundi wa simu wa kibanda cha pili, akatoka na bisibisi imechomekwa kwa nywele. "Niaje wazee. Buda, shuka huko. Simu ya kitambo haitaki mlima, inataka settings."

Akaizima akaiwasha. Lanet. Akaiwekea location ile ya usahihi wa juu. Lanet. Akafuta kashe, akapakua data ya satelaiti upya. Lanet.

"Sasa turekebishe dira. Ipepee hewani kama unaandika nane."

Kibii akaandika nane. Sisi wa benchi tukasimama kumsaidia, kila mtu na simu yake, nane kubwa, nane ndogo. Mathe mmoja aliyekuwa anapita akadhani ni maombi, akainamisha kichwa, akasema amina.

"Bado Lanet," akasema Elphas. "Na yuko ndani kabisa. Hata mlangoni hajafika."

Saa nne kasoro dakika kumi. Kibii akakaa kwenye gurudumu.

"Miaka kumi na tano naenda Molo. Nimepita Sachangwan na ukungu sioni hata pua ya lori. Leo nafutwa na kadoti ka ramani!"

"Ngoja, imebaki mlango mmoja," Natasha akasema. "Gonga hii namba ya toleo mara saba, inafungua settings zilizofichwa."

"Mara saba? Hii ni simu ama Yeriko?"

"Usigonge!" Masinde akaruka, chai ikamwagikia suruali. "Hiyo inaua simu! Italipuka!"

"Tena, viazi umeshakula," nikamwambia. "Simu si yako. Nyamaza."

Natasha akagonga saba, akaingia, akasoma. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Manze, satelaiti ziko sawa! Kuna app ya kudanganya location. Imebandikwa kanisani Lanet. Iko on tangu Alhamisi."

"Alhamisi simu ilikuwa ya nani?" akauliza Elphas, kwa upole ule ule.

Anyango akaweka birika chini.

"Yawa! Kila Jumanne na Alhamisi naangalia kadoti kako kwa simu yangu nasema, asante Mungu, bwana yangu anaimba. Masinde, ni mwanamke gani?"

"Hakuna mwanamke! Naapa!"

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula chapati."

"Za nani?"

Masinde akaangalia matope. "Za Cheptanui."

Hapo hata Elphas alifunga macho. Cheptanui ana kibanda cha chai nyuma ya soko, na huu ni mwaka wa tatu Anyango hamsalimii.

"Afadhali mwanamke," Anyango akasema polepole. "Mwanamke ningepigana naye. Chapati nitaipiga wapi?"

"Mama watoto, ni vile tu ziko laini..."

"Ati ziko nini?"

"Nimesema samahani."

Natasha akazima ile app. Kadoti kakatetemeka, kakatoka Lanet, kakatua Bondeni, juu ya lori lenyewe. Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Simu ikalia. Njoki: "Sawa. Enda." Kibii akakimbilia mlango, akamkuta Elphas ameshaketi kwa usukani, blanketi limetandikwa. Akamshusha.

Kibii alifika Molo saa sita, akapakia, akarudi kesho yake. Bado anaendesha lori lile. Elphas alipewa lingine, la kabeji. Natasha ameandika kwa ukuta wake kwamba anatengeneza GPS, na watu wanakuja. Mimi nilihama Bondeni mwezi uliofuata, nikaenda Gilgil, lakini bado napita hapo. Masinde alienda kwaya kweli, wakamwambia waimbaji wa tena wamejaa, akawekwa besi. Anyango alienda kwa Cheptanui kuonja zile chapati, akala mbili, akarudi kimya. Siku hizi anazichukua huko asubuhi, anauzia benchi zima. Masinde hauziwi.