Poziomka, Baisani Asiye na Minyoo

Jumatatu, 9 Januari
Theluji hadi magotini. Daktari Halszka ametangaza: Ijumaa maabara ya minyoo itabakiza karani mmoja, mimi au Kordian. Kila mmoja alete kinyesi cha baisani, yule nyati mwenye manyoya wa msitu wetu, kingali kinafuka mvuke, ahesabu mayai ya minyoo. Nilikwenda. Dume mmoja, mkubwa kama ghala, aliacha kula akanitazama. Nilirudi bila kinyesi na bila kofia. Kordian aliuliza kama baisani aliiomba kofia kwa adabu.

Jumanne, 10 Januari
Nimepata njia. Bibi Eudokia, mwenye nyumba wangu, ana ng'ombe. Kinyesi ni kinyesi. Nilijaza kikopo, nikachomeka unyoya wa baisani niliouokota kwenye gome la mti. Nimepiga mluzi njia nzima.

Jumatano, 11 Januari
Hakuna yai hata moja! Daktari alirudia hadubini mara nne. Miaka ishirini hajaona baisani msafi katika msitu huu. Alinikumbatia. Kordian alininong'oneza kuwa huyo wangu bila shaka hupiga mswaki. Kisha Daktari akataka kumwandika katika kitabu cha majina ya baisani. Baisani wetu wote wa kitabuni majina yao huanza na Po. Kwa hofu nikatamka la kwanza lililonijia: Poziomka. Ndilo jina la ng'ombe.

Alhamisi, 12 Januari
Wamekuja maprofesa wawili kutoka Warszawa kumwona Poziomka. Nikasema ana haya. Tumetembea saa tano. Mwishowe nikaonyesha matako fulani ya kahawia, mbali sana. Wakavua kofia.

Ijumaa, 13 Januari
Bibi Eudokia aliingia ofisini na chupa ya malai ya maziwa. Mbele ya wote akauliza kwa nini Jumanne nilichokora nyuma ya Poziomka wake. Kama nataka mbolea, si niseme tu, mwanangu? Akajisifu kwamba mwezi uliopita alimpa dawa ya minyoo, sasa tumbo lake ni safi kuliko sahani ya padri. Daktari alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akainuka, akaamua. Kordian kapata kazi. Mimi nimepewa wiki moja ya mwisho, kwa kuwa Kordian hawezi kujaza majedwali.

Jumamosi, 14 Januari
Nimetafakari kwa makini na kwa unyofu. Kosa langu liko wazi: nilichagua ng'ombe aliyepewa dawa. Jirani ana mwingine ambaye hajawahi hata kuinusa.