Programu Yangu na Usiku wa Ijumaa

Jumamosi, 8 Novemba

Maisha mapya! Leo nimefungua faili kwenye kompyuta. Faili moja tu, la maandishi matupu. Halina rangi, halina picha, halina kengele. Kila kazi na mstari wake, kila mstari na tarehe yake mbele. Kazi ikiisha, naweka alama. Jabez, mwalimu wa kompyuta aliyepanga chumba chetu cha juu, ndiye aliyenifungulia, akaniongezea na kijiprogramu alichokitunga mwenyewe. Naandika "leo", kinanitolea kazi za leo peke yake. Subhanallah! Nimeandika "leo" mara nyingi kuliko haja, kwa raha tu ya kuona kinavyonitii.

Sababu ya yote haya ni Rawiya. Anafundisha hesabu, na mimi kila nikimwona akipita na vitabu vyake nasahau nilikuwa naenda wapi. Wazee wangu watakwenda kumposa usiku wa Ijumaa, baada ya isha. Lakini baba yake, Bwana Abdulghafur, ameshamwambia Ami yangu Abdulqadir waziwazi kwamba hampi binti yake mtu msahaulifu. Ana haki yake. Ni mimi niliyetumwa kumchukulia mkeka wake Kipungani, nikausahau botini, mkeka ukasafiri mpaka Mkokoni. Kwa hiyo nimebakiwa na siku chache za kuwa mtu makini.

Posa nimeiandika tayari. Kwetu siku huanza jua likitua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Programu ya Jabez haijui hayo, siku yake huanza saa sita ya usiku. Nikaitafsiria kwa upole na kuandika: Alhamisi, baada ya isha. Umakini huo!

Jumapili, 9 Novemba

Swafwan amelicheka faili langu. Huyu anauza simu karibu na soko, na amesikika akisema kwamba yeye pia atatuma wazee kwa kina Rawiya. Simu yake ina kalenda ya rangi saba, na kazi ikifika inaimba. Roho imeniuma. Nikalifungua faili kwa programu ya kuandikia barua, nikalipamba. Mambo ya Rawiya waridi, ya wageni kijani, jina langu kwa herufi za kujipinda. Nikahifadhi. Nikaandika "leo".

Yakamwagika madudu! Alama juu ya alama, kioo kizima. Jabez ameshinda mchana kutwa akiyafuta. Amesema, "Buda, hii kitu haitaki makeup." Mwisho wake maneno yangu yakaonekana tena, yote, hakuna hata moja lililopotea. Nimeduwaa. Faili dogo kuliko picha ya punda, na limebeba maisha yangu mazima!

Jumatatu, 10 Novemba

Mimi hutunza nyumba mbili za wageni za Bi Umulkheir, na asubuhi hii kazi zilikuwa zimerundikana. Mistari chungu nzima nilikuwa nimeiandikia "leo" mahali pa tarehe, maana programu hulikubali. Nikagundua amri ya kubadilisha neno moja kuwa jingine katika faili lote. "Leo" iwe "kesho". Nikabonyeza. Kabla sijameza mate, imekwisha! Mfalme gani aliwahi kuiahirisha siku nzima kwa kidole kimoja? Nikajilaza kwa amani.

Kumbe mkutano wa kamati ya maendeleo umekuwa mkutano wa kamati ya maendekesho. Hilo lingevumilika. Lakini tangazo la wageni nalo nalitoa humohumo, na "maji yatafungwa leo" yakawa ya kesho. Mgeni mmoja amenijia barazani na povu kichwani, hata macho hawezi kufungua. Bi Umulkheir amesema nikimletea aibu nyingine atatafuta mtu mwingine. Nimemwambia nitalishughulikia kesho. Hakucheka.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata wazo ambalo halijawahi kumjia mtu yeyote visiwani humu. Kwa nini siku yangu ianze saa sita ya usiku, watu wamelala, hakuna hata anayeshuhudia? Programu ya Mwamu, mwana wa kisiwa hiki, nayo na iwe ya Kiamu! Nimeifungua. Jabez alikuwa amenionya nisiiguse, na kwamba nikiigusa nisimwite. Nikatafuta mstari unaohesabu siku, nikauambia siku igeuke magharibi. Nikangoja. Adhana ilipoanza tu nikaandika "leo", na kioo kikajibu: Jumatano. Machozi yamenilengalenga. Mashine imejua jua limetua! Nimemwita Mama aje kuona. Amesema hata kuku wake wanajua.

Jumatano, 12 Novemba

Sijui niandike vipi.

Magharibi nimeandika "leo". Imejibu: Alhamisi. Kazi: wazee waende kuposa, baada ya isha. Nami nilidhani bado! Lakini mimi ni nani nibishane na kitu kinachojua jua likitua? Nikakimbilia kwa Ami Abdulqadir. Akaniuliza, "We mwana, si kesho?" Nikamwonesha kioo. Ami akavaa miwani, akasoma, akasema mashallah, akatafuta kofia yake, akawaita wazee wenzake.

Wamekwenda. Wamemkuta Bwana Abdulghafur kwa fulana na kikoi, anakula. Nyumba haijafagiliwa, ubani haujafukizwa, kaka yake aliyekuwa aje kumsaidia kuzungumza bado yuko Kiwayu. Mtu anayekula hana budi kukaribisha. Akasema, "Ndooni tule." Na Ami, Mungu amhifadhi, akala! Wamekula wali wote na samaki wake. Posa haikutajika hata kidogo. Walipokuwa wakinawa ndipo mwenye nyumba akauliza wamejia nini, na Ami akajibu kwamba kompyuta imesema.

Nimekwisha. Wamekula chakula cha Rawiya! Yeye mwenyewe amelala kwa chai tupu.

Alhamisi, 13 Novemba

Dada yangu Sundus ni shoga yake Rawiya. Amekuja asubuhi akaichukua kompyuta bila ya kunieleza, akasema imeagizwa.

Amerudi adhuhuri na habari. Rawiya amekaa na programu yangu muda wa kunywa chai tu, akaliona kosa. Nilipoandika Alhamisi nilikuwa nimeshairudisha siku nyuma mimi mwenyewe. Kisha nikaifundisha programu nayo irudishe. Tumeirudisha wawili, mimi na mashine, kila mmoja kwa uangalifu wake. Ameirekebisha, akaandika pembeni pale alipogusa, kwa maneno mafupi na safi. Nimeyasoma na kuyarudia. Kuna watu wana akili jamani! Nimekaa mbele ya mistari yake kama mtu aliyeingia msikiti mkubwa kwa mara ya kwanza. Ninampenda, na sasa namwogopa kidogo.

Wazee wamekwenda tena, usiku wenyewe hasa, na kanzu zimepigwa pasi. Nimewangojea kwenye daka la nyumba yetu, pale mlangoni, sijui nilikuwa nasoma dua gani. Ami amerudi anacheka mwenyewe njiani. Bwana Abdulghafur amewaambia kwamba wasahaulifu wote anaowajua huchelewa, na huyu wetu amewahi kwa siku nzima, kwa hiyo hana tena la kusema. Binti kaulizwa. Binti karidhia!

Alhamdulillahi. Mama amepiga vigelegele mpaka Jabez akashuka kuuliza kama kuna moto.

Ijumaa, 14 Novemba

Swafwan amenipa mkono wa heri baada ya sala. Simu yake imeimba palepale, ikimkumbusha atume wazee. Nimemhurumia, kwa kiasi.

Jioni Sundus ameleta maneno ya Rawiya. Hataki makuu. Mahari atakayopangiwa na wazee yanamtosha. Ana sharti moja tu, na ameniapia kwamba nikilivunja hakuna harusi: nisiiguse tena ile programu. Nitumie faili, niandike kazi zangu, lakini ndani ya programu nisitie kidole.

Sharti jepesi! Nimekubali kabla Sundus hajamaliza. Na ili nisije nikasahau, nimeliandika papo hapo kwenye faili, mstari wa juu kabisa: "Usiiguse programu."

Programu imelikataa. Inataka kila mstari uwe na tarehe, na hili ni jambo la siku zote, halina tarehe. Nimejaribu tena. Imekataa tena. Nami ahadi kama hii siwezi kuiacha hivihivi bila kuandikwa, na mtu mwenyewe ni Rawiya.

Nimeifungua kidogo tu, niitengenezee mahali.