Mgomo wa Mpishi wa Pilau

Jamani, leo nimeadhirika. Mbele ya sheikh, mbele ya wakwe, na kipaza sauti kikiwa wazi.

Mnanijua. Harusi ya Waswahili ikifanyika huku Texas, iwe Plano, Grand Prairie au Houston, mpishi ni mimi. Masufuria makubwa ni yangu, mwiko ni wangu, na macho mekundu ya moshi ni yangu. Ndoa inafungwa ndani, mimi niko nyuma ya ukumbi nageuza nyama. Mabinti wawili wa kaka yangu Athmani wameolewa, na harusi zao nilizisikia kwa vigelegele tu, kupitia ukutani. Leo ilikuwa zamu ya kitinda mimba, Salma. Huyu ni mwanangu hasa. Alisomea uuguzi Fort Worth akikaa kwangu, na gari nilimfundisha mimi (ua wa nyumba yangu aliugonga, nikanyamaza). Ndoa hii nilitaka kuiona kwa macho yangu, nimeketi zuliani kama watu wengine.

Wiki iliyopita kaka akanipigia. "Jumamosi uwahi Houston, una kazi."

Kazi! Roho ikaniuma. Nikasema haya, nikakata simu.

Sasa badala ya kumwambia kaka neno moja la kiungwana, nikaenda kumlilia Curtis. Curtis ni mwenzangu ghalani, Mmarekani, na ule mpira wao wa kofia ngumu anaujua mpaka mikataba yake. Akanirudia lile somo lake la siku zote, ambalo hata Salma nilikuwa nikimrudia Jumapili tukitazama mpira: mchezaji mwenye mkataba, hata akiona hathaminiwi, hawezi kuhamia timu nyingine. Mkataba umemfunga. Silaha yake ni moja: haendi kambini. Timu inamtoza faini kila siku, naye anakaa kwake kimya. Kuna wajanja wanaokwenda kambini kukwepa faini, lakini wanasimama pembeni na kofia ya kawaida kichwani, mpira hawaugusi.

"Na inasaidia?" nikamuuliza.

"Ukiwa nyota, watakuja kukupigia magoti. Ila usipokee simu. Ukipokea tu, umekwisha."

Nyota! Nikajitazama kwenye kioo, tumbo na yote, nikaona naam, nyota huyu hapa.

Mke wangu Mwanaisha akatangulia Houston na wanawake wenzake kwa mambo ya hina. Mimi nikabaki, nikagoma. Simu ikilia, naitazama. Ujumbe wa sauti ukija, sisikilizi (nikiisikia sauti ya Mwanaisha nalainika, najijua). Kaka akapiga, nikatabasamu peke yangu sebuleni. Wacha wahangaike!

Jana simu ikanyamaza. Nikaitikisa, nzima. Nikampigia Curtis.

"Timu ikinyamaza," akasema taratibu, "ujue imepata mwingine."

Lahaula! Mwingine nani? Nani huyo atakayemkaangia Salma wangu vitunguu? Alfajiri nikapakia masufuria kwenye gari, nikavaa aproni na kofia ya timu niliyopewa na Curtis, nikashika barabara ya Houston. Masufuria yakawa yanagongana huko nyuma njia nzima. Nusu ya safari nikakumbuka kwamba kanzu nimeiacha kitandani. Nikasema potelea mbali, mpishi wa nini kanzu?

Nilipofika nikaingia kwa mlango wa jikoni, kama ada yangu. Nikakuta masinia yamejipanga. Nikafunua moja. Biriani! Tena ya mkahawani! Damu ikanipanda. Nikausukuma mlango wa pili, mwiko juu, nikanguruma:

"Msiile hiyo! Mpishi amefika!"

Kumbe mlango ule unatokea ukumbini. Tena mbele kabisa. Tena ubavuni mwa sheikh, karibu na kipaza sauti chake. Maneno yangu yakafika mpaka chumba cha wanawake.

Wanaume wote wameketi zuliani, kanzu nyeupe pe, wananikodolea macho. Bwana harusi anajifuta jasho. Sheikh akaanza na kofia yangu, akashuka mpaka kwenye aproni.

"Huyu ndiye shahidi tunayemngoja?"

Kaka akajishika kichwa. "Ndiye, sheikh."

Shahidi! Kaka akanivuta pembeni. "Mbwana, ulikuwa wapi? Si nilikwambia una kazi? Ukumbi huu hawaruhusu moto, chakula tumeagiza. Safari hii tulitaka ukae ndani. Salma kaulizwa idhini mara mbili, kakataa. Anasema haolewi mpaka ami yake aketi pale."

Nililia, sifichi. Nililia mbele za watu na mwiko mkononi.

Wakaniazimia kanzu ya mjomba wa bwana harusi, mtu mfupi, ikaniishia chini ya magoti kidogo. Nikaketi hivyo hivyo. Salma akaulizwa tena, akakubali. Vigelegele vikalia, nami nikavisikia nikiwa ndani.

Baadaye Mwanaisha akaniletea sahani. "Wiki nzima hupokei simu, ulikuwa na nini?"

"Niligoma."

"Uligoma nini?"

"Kupika."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Sisi tulidhani umepewa zamu za usiku, mchana umelala. Jana nikawaambia wamwache mume wangu apumzike."

Salma naye akaja na hina zake, akanikumbatia, kicheko kimembana. "Ami, si wewe uliyekuwa ukinieleza mpira kila Jumapili? Ulisema anayegoma ni nyota."

Basi ndiyo hivyo. Bibi harusi kagoma kidogo tu, sheikh mzima kasimamishwa. Mimi nimegoma wiki nzima, na timu haikujua. Msinicheke, tafadhali. Biriani yenyewe tamu, na hilo msimwambie mtu.