Ombi la Kusogeza Mbali Visiwa vya Jirani

Bi. Asimina Vlavianou,
Nyuma ya Kanisa,
Kisiwa cha Mikrovouni.

Ndugu Mkuu wa Bandari,

Kwa heshima zote, na nikitumaini goti lako limepata nafuu, naomba visiwa vya jirani visogezwe mbali na chetu. Si lazima vyote. Naxos inaweza kubaki, maana ndiko aliko daktari wa meno.

Mume wangu Argyris unamjua: ndiye yule wa mgahawani kwa Kalliopi, kiti cha karibu na mlango. Tangu tuoane hakuwahi kutoka kisiwani. Nilipomwomba fungate, alisema bahari inamchafua tumbo. Binti yetu alipoolewa Paros, Argyris hakwenda, alituma salamu na jibini. Sasa sikia yaliyonipata.

1. Wiki iliyopita alimsaidia mama mmoja wa Kidachi kupandisha sanduku melini. Meli ikafunga mlango ikaondoka naye, kandambili miguuni. Nililia gatini mbele za watu. Baadaye akapiga simu: "Asimina, nimechukuliwa!" Nikamwambia, "Basi rudi, bwana wee!" Akajibu, "Nitarudi. Ila kuna ufuko hapa, mke wangu, hujapata kuona." Ndugu Mkuu, huyo ni mtu aliyezaliwa ufukweni.

2. Visiwa vimepangwa karibu mno, kama vikombe kabatini. Ukifika kimoja unaona kingine, na hicho kingine daima ni kizuri kuliko ulichosimama juu yake. Huo ni mtego. Argyris ameshapita Iraklia, Schinoussa na Koufonisi, kila mara akisema, "Nachungulia tu." Kutoka Amorgos alinipigia akiwa amevaa kofia ya majani. Hakuniambia, niliisikia kwenye sauti yake.

3. Ugonjwa huu unaambukiza. Padri Fotis alikwenda kufuata mishumaa, akarudi pua imebabuka, na Jumapili alikatiza mahubiri kuulizia ratiba ya meli. Kalliopi amefunga mgahawa na kubandika karatasi mlangoni: "Nipo Folegandros, msinisubiri." Matokeo yake wageni wakishuka hapa hawamkuti mtu ila mimi, nao wananipiga picha. Mmoja alisema kwa Kigiriki cha kuokoteza, "Mwanamke halisi wa kisiwani!" Nikamjibu, "Halisi nini, nimeachwa!" Akaniomba nirudie huku nikitabasamu.

4. Machweo. Kwa nini jua lizame kwa mbwembwe vile upande wa kwao, na kwetu liangukie nyuma ya tangi la maji?

Kwa hiyo nashauri visiwa hivyo vifungwe kamba na kuvutwa. Kamba zisipotosha, vipakwe rangi ya kijivu upande unaotutazama. Na hilo likishindikana, futeni meli zote mpaka mume wangu aone haya.

Usinielewe vibaya. Simdai kwa upweke. Kitanda ni kipana, na redio sasa inasikika. Namdai kwa sababu nilimuuliza habari za tumbo, akajibu kwa furaha kwamba halijamsumbua hata kidogo. Halijamsumbua, Ndugu Mkuu! Kwa ajili ya tumbo lile nimezitazama meli zikipita dirishani pa jiko tangu nikiwa na nywele nyeusi, mikono ndani ya maji ya vyombo, nikisema moyoni, maskini mume wangu, bahari haimpendi.

Naamini utalishughulikia jambo hili kabla msimu wa wageni haujachanganya. Nisalimie mama yako, mkeo, karani wako mwenye mafua, na yule askari wa gatini aliyeniazima leso.

Wako mwenye adabu bado,

Asimina Vlavianou

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, Argyris amepiga simu. Amechoka, anataka dengu zangu, anarudi kesho kwa meli ya asubuhi. Hivyo tafadhali usifute meli hiyo, wala usiguse kisiwa chochote mpaka nikuarifu, kwa kuwa ikimshusha yeye itanipakia mimi. Nimeambiwa Santorini panateremkwa kwa miguu mpaka majini. Tukipishana kwenye ngazi ya meli nitampungia mkono. Akija ofisini kwako kulalamika, mwambie dengu ziko kabatini, zinalowekwa kwanza, na kwamba mimi nachungulia tu.