Bakambale Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Habari mbaya mbele ya kunywa chai. Mariette alinikuta ku bomba ya maji. Anasema hospitali itachukua daktari kijana mumoja tu, wa kujifunza magonjwa ya batoto. Mwenye hana recherche asijisumbue. Bwana yake, Sadrack, na bwana yangu, Papa Joyeuse, banaomba nafasi ile ile. Nikauliza recherche ni nini. Ni kuuliza batu maulizo, kuandika, kuhesabu. Na majina banaficha.

Papa Joyeuse asipochukuliwa, banamutuma kazi mbali, kupita Beni, barabara ya bunduki. Sisi tutabaki hapa Kimemi. Mutoto wetu Joyeuse iko na miezi tisa. Atasahau sura ya baba yake.

Nilimuuliza bwana yangu kama iko na recherche. Akasema muda hana, iko na bagonjwa. Masikini! Basi nitamufanyia mimi. Kimya kimya.

Jumatano, tarehe 5

Soko ya Musienene, mutoto mu mugongo. Niliuliza bamama makumi tatu: mutoto anakohoa? Unapikia mu nyumba ao inje? Mumoja aliuliza kama ninagawa sabuni. Mwingine akasema atajibu nikinunua maharagi. Nilinunua. Bote niliomba bapikie inje juma moja, nitarudi kuona nani amepona.

Batoto makumi tatu na moja mu kaye, daftari yangu! Na majina nimeficha muzuri. Ya ubatizo, hapana. Ya baba, hapana. Niliacha moja tu, ile ya kuzaliwa.

Jumatano, tarehe 12

Pigo. Nilifungua kaye mu soko: Kambale, Kambale, Kambale. Kumi na moja! Sisi Banande, mutoto mwanaume wa pili mu kila nyumba ni Kambale, na mimi nilisahau namna gani? Bamasika, jina ya babinti, ni tisa. Nimebaficha mpaka mimi mwenyewe sibaoni.

Mama mumoja akasema Kambale wake amepona. Nikauliza, yupi? Akaniangalia kama mimi njo mugonjwa. Akamuinua mutoto: huyu.

Nikatia alama kwa Kambale mwenye alikuwa na nafasi wazi pembeni ya jina. Nikaandika tena safi, nikaingiza karatasi mu dossier ya Papa Joyeuse ya kuomba nafasi. Hakuona.

Ijumaa, tarehe 14

Siku ya maulizo ya Papa Joyeuse ku hospitali. Amerudi, akakaa bila kuvua bilatu mu miguu. Docteur Ananie, mukubwa wa service ya batoto, alikuta karatasi zangu. Alimuuliza ni Kambale yupi alipona.

Nikauliza alijibu nini.

"Nilisema sijui hata mumoja. Ni mwandiko wa bibi yangu."

Docteur akasema recherche bila ruhusa si recherche. Kuna hospitali zingine recherche inasaidia mutu kupata nafasi, ni kweli, lakini hapa hakuna mwenye aliiomba. Bao, bakubwa wa hospitali, banaangalia namna mutu anashika mutoto mugonjwa.

Papa Joyeuse hakunipigia makelele. Heri angepiga. Alimubeba Joyeuse, akamusikiliza kifua, akauliza kama hata huyu nilimuandika.

Nilimuandika. Namba moja.

Jumatatu, tarehe 17

Bamebandika jina. Sadrack. Recherche hana hata karatasi moja, Mariette mwenyewe alikubali, macho chini. Papa Joyeuse ni wa pili. Nafasi ingine itafunguka mwezi wa tisa. Mpaka pale, anaenda kule kupita Beni. Alhamisi.

Nilikunja mashati yake, nikalia kidogo ndani ya moja. Akanishika bega.

"Mama Joyeuse, uniahidi. Hapana recherche tena."

Nikaahidi.

Lakini nimefikiri. Kosa haikuwa recherche. Kosa ilikuwa majina ya batoto. Mwezi wa tisa si mbali, na kaye mupya nimenunua. Akisha kwenda tu, mimi na Joyeuse tunapanda soko ya Kipese. Batoto sitabaandika tena. Nitaandika bamama tu, pale hakuna kuchanganya: Mama Kambale, Mama Masika.