Ngozi ya Adungu ya Drani

Jumatatu, 8 Julai 1974. Pajulu.
Mwalimu Okuonzi wa chuo kikuu Kampala amefika na mashine ya kunasa sauti. Anachunguza kwa nini adungu mbili, vinubi vyetu vya mti na ngozi, zenye nyuzi sawa hazitoi sauti moja. Mtu mzima! Atachagua mpigaji mmoja aende naye Kampala mwaka mzima. Drani wangu anataka. Kampala! Siku hizi watu wanaingia huko na hawatoki. Mwanangu haendi. Achukuliwe Adrabo, mtoto wa jirani yangu Candiru.

Jumanne, 9 Julai.
Drani alipokwenda shambani, nikailowesha ngozi ya adungu yake. Ngozi ikilegea, sauti inakufa. Kisha nikamsifu Adrabo kwa mwalimu mpaka ulimi ukaniuma. Candiru akaniuliza kama nina homa.

Jumatano, 10 Julai.
Majaribio. Adungu ya Drani ililia bub, bub. Mshale wa mashine haukuinuka. Vizuri sana! Mwalimu akatikisa kichwa. Nikamshukuru Mungu.
Ndipo Candiru akacheka mbele ya watu: Mama Drani, hii ni adungu ama mbuzi iko na kikohozi? Akasema mkono wa Drani ni wa jembe tu.
Mkono wa mwanangu!
Nikamwambia mwalimu angoje. Nikaipeleka adungu jikoni, nikaigeuzageuza juu ya moto kama samaki, ngozi ikakazika. Drani akapiga tena. Mshale ukaruka hadi mwisho! Candiru akainama kufunga kanga yake upya. Raha gani hiyo!
Mwalimu akafurahi kupita kiasi. Adungu moja, sauti mbili, sababu ni ngozi! Akamchagua Drani papo hapo.
Mungu wangu. Nimefanya nini?

Jumamosi, 13 Julai.
Drani ameondoka na basi la asubuhi. Nimemfungia muhogo, simsim, blanketi. Nimelia. Candiru naye amelia, kwa kuwa wa kwake amebaki.

Ijumaa, 2 Agosti.
Mwalimu amerudi. Anasema Drani mzima, amenenepa. Sasa anachunguza sauti za waimbaji, anataka msichana mmoja wa kwenda naye. Safari hii nimekuwa mjanja. Nilisikia habari mapema, binti yangu Mindra nikampeleka Koboko kwa shangazi yake. Nikamwambia mwalimu kwangu hakuna anayeimba.
Candiru akadakia kwamba ni kweli kabisa, Mindra akifungua mdomo kuku wanakimbia.
Lori la tumbaku linakwenda Koboko mchana huu. Nimemwambia dereva asirudi bila Mindra.