Nilimsifu Mkwe kwa Zumari Asilolipiga

Jamaa wa barza, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua nimemkaribisha mwenyewe, nikammiminia na kahawa. Naandika haraka kabla mke wangu Bi Zuwena hajaipeleka khabari kwenye kundi la simu la wanawake, maana yeye atatia chumvi. Mie nasema kama ilivyokuwa.

Mnanijua. Skuli sikumaliza hata darasa la pili. Nilisoma chuoni kwa maalimu, Kurani na bakora, basi. Nimeingia Maskati na shati moja, nikaosha maboliti kwa dizeli pale Hamriya, na leo nna maduka matatu ya spea na hakuna aliyenishika mkono. (Bi Zuwena anasema yeye alinishika. Hayo mengine.)

Mjukuu wangu Nasra anafanya kazi ofisi moja ya serikali Al Khuwair. Huko huko kazini kapata mchumba, kijana anaitwa Mazin. Baba yake Mazin ni Sheikh Hilal, mmoja katika wakubwa wa polisi wa wilaya fulani, siitaji. Leo baada ya alasiri walikuwa waje kwetu Al Amerat, baba na mwana, kuleta posa.

Sasa Nasra ana khofu na mie. Wachumba wawili nishamfukuzia. Wa kwanza nilimwambia anisaidie kubadilisha tairi, akaniuliza jeki ni ipi. Wa pili alisema yeye "anasimamia miradi". Nikamuuliza anaisimamia kwa kusimama au kwa kukaa. Hawakurudi.

Basi asubuhi kanijia, macho mekundu.

"Babu, nakuomba. Huyu nnamtaka."

"Nimekuzuia?"

"Bado. Na ile hadithi yako ya pikapu na polisi, leo iache."

"Nimeiacha."

"Apa."

Nikaapa. (Kwa mdomo. Moyo haukushirikishwa.)

Lakini nikamwambia, mie mtu nnamjua kwa alikoanzia. Nataka kujua huyo Hilal alianza na nini, isije ikawa kazaliwa juu ya kiti. Nasra akasema hilo jepesi, polisi wameweka kwenye mtandao maisha ya kazi ya kila mkubwa wao, na picha zao. Ilikuwa Kiingereza, simu ikaigeuza Kiswahili, akanichapishia kwenye karatasi moja iliyolala ubavu.

Wakubwa watatu, mstari mmoja. Picha, maneno, picha, maneno, mpaka mwisho. Nikavaa miwani, nikaanza upande wa kulia, kama nilivyofunzwa na maalimu. Maneno yenyewe nayasoma kama nyie, lakini ukurasa wowote jicho langu linaingilia mkono wa kulia, na kwa umri huu halibadiliki.

Mwanzo kabisa, kulia, nikakuta maneno hayana picha. Yanasema bwana huyu "alilelewa na kikosi cha mbwa". Nikamwonea huruma. Nikajua kastaafu, picha yake wameitoa, maneno wameyasahau. Anayefuata ni mwenye miwani mizito, na baada yake maneno: alianza polisi wa barabarani, Hamriya. Nikasema alaa, jirani. Halafu picha ya Sheikh Hilal mwenyewe, sura ya upole, na baada yake maneno: alianza kwenye bendi ya polisi, akipiga zumari. Mwisho kabisa, kushoto, mtu mnene wa masharubu hana hata neno moja. Huyo nikaelewa bila kuuliza: kapewa cheo na mjomba.

Na maneno yenyewe, jamaa, ni maajabu. Wote "waliratibu". Wote "walishiriki". Wote "waliongoza mageuzi". Miaka thelathini kazini na hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwamba siku fulani alikosea, au alichoka, au alilala zamu. Nikamwambia Bi Zuwena, watu hawa wakijieleza utadhani hawakupata kuwa vijana.

"Na wewe ukijieleza?" akasema.

"Mie nasema kweli tupu."

Akaondoka zake jikoni.

Wakaja. Wamevaa vizuri, vilemba vimekaa. Sheikh Hilal mama yake ni wa Pemba, kwa hivyo Kiswahili kinamtoka kama maji. Tukakaa sebule ya wanaume, halwa, kahawa. Bi Zuwena na Nasra wako chumba cha pili, mlango wameuacha wazi kidogo, pazia limeshuka. Pazia hilo halizuii kitu. Hata kikohozi kinapita.

Mazin kimya, kainamisha kichwa, jasho. Nikampenda. Nikaamua leo nitakuwa mtu mzuri.

"Sheikh Hilal," nikasema, "mie sipendi watu wa makaratasi. Lakini wewe nakuheshimu. Umetoka chini."

"Alhamdulillahi, mzee wangu. Sote tumetoka chini."

"Si wote. Yule mwenzako mnene wa masharubu, tunajua alikotoka."

Akanitazama. "Una maana gani?"

"Tuyaache hayo. Nakusudia wewe na zumari."

"Zumari?"

"Usione haya. Mie nilianza kwa kuosha maboliti. Mtu akianza kwa kupuliza zumari mpaka akafika ulipofika wewe, huyo ni mwanamume. Siku ya harusi utatupigia kidogo."

Mazin akamwangalia baba yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Sheikh Hilal akachukua tende. Mie nikasema moyoni, angalia unyenyekevu huo. Nyuma ya pazia nikasikia Nasra anavuta pumzi.

Hapo ningenyamaza, saa hizi ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini halwa ilikuwa nzuri, mgeni ananisikiliza, na hadithi ya pikapu ilishanifika kooni.

"Ila mwenzako mwenye miwani," nikasema, "yule mwangalie."

"Kafanya nini?"

"Si alikuwa polisi wa barabarani Hamriya? Basi ndiye. Kanisimamisha mie miaka ile. Kijana mwembamba kama mswaki, kofia imemmeza masikio. Nimebeba injini kwenye pikapu, watu wanne juu yake, taa moja haiwaki. Kitu kidogo. Akasema gari anaikamata."

"Ukafanyaje?"

Hapa ndipo huwa nasimama. Wajukuu wanajua. Nikasimama.

"Nikamtazama usoni. Nikamwambia, mwanangu, mie nimekula chumvi kabla hujaota meno, nipishe. Akatetemeka. Akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili. Nikajua huyu hafiki popote. Na kweli hakujaaliwa akili, kafika kwa kungoja tu."

Sheikh Hilal akaweka kikombe chini, polepole, kama kina moto.

"Pikapu ilikuwa nyekundu?"

"Nyekundu."

"Mlango wa dereva unafungwa kwa waya?"

"Kwa waya, ndio. Umejuaje wewe?"

"Mzee wangu, hizi khabari zetu umezipata wapi?"

Nikatoa karatasi mfukoni, kwa fakhari. Nikamwonyesha: huyu wa mbwa kastaafu, huyu miwani wa Hamriya, huyu wewe na zumari lako. Akaisoma. Mazin naye akachungulia, na bega lake likaanza kutikisika. Kisha Sheikh Hilal akaweka kidole kushoto kabisa, kwenye masharubu.

"Karatasi hii inaanzia huku," akasema kwa upole. "Huyu mnene ndiye wa zumari. Mwenye miwani ndiye wa mbwa. Na wa Hamriya ni mimi."

Jamaa, nimewahi kuangukiwa na giaboksi mguuni. Bora lile giaboksi.

Nikamtazama. Nikampunguza kilo thelathini, nikamwongezea kofia. Masikio yakawa yale yale.

"Kumbe," nikasema.

"Lakini hadithi yako," akasema, "mimi naikumbuka vingine kidogo."

"Si lazima tuikumbuke leo. Bi Zuwena, kahawa imepoa."

"Isemeni," ikasema sauti ya Bi Zuwena kutoka nyuma ya pazia. "Mie naisikia miaka thelathini, nataka kusikia na ya upande wa pili."

Basi akaisema. Hakuongeza wala hakupunguza, kama anasoma ripoti.

"Nilikuwa na wiki ya tatu kazini. Huyu mzee alinishika miguu. Alilia. Alisema mkewe yuko hospitali, anajifungua tangu alfajiri, na mtoto kakaa vibaya. Nikaogopa. Nikaacha zamu yangu, nikamtia kwenye gari ya polisi, nikawasha king'ora mpaka mlango wa hospitali. Ufunguo wa pikapu nikampa, kweli, kwa mikono miwili, maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa ajili ya yule mtoto. Akaniambia nisubiri nje, atakuja kunipa khabari. Nikasubiri mpaka magharibi. Nilinunua na blanketi dogo."

Blanketi, jamaa. Hilo la blanketi sikulijua. Mie niliingia mlango wa mbele, nikatokea upande wa jikoni, nikapanda teksi mpaka kwenye pikapu, nikaenda zangu na injini yangu.

"Mkubwa wangu akanikuta sipo barabarani," akaendelea. "Nikaandikiwa barua ya onyo. Imo kwenye faili mpaka leo. Hiyo hawakuiweka kwenye mtandao. Na mimi miaka yote najiuliza: alizaa salama?"

Wote wakanigeukia. Na pazia likanigeukia.

"Pikapu nyekundu," ikasema ile sauti, "tuliipata wakati mtoto wetu wa mwisho anaingia skuli. Baada ya hapo mie sikubeba mimba nyingine. Alikuwa anazaa nani, Bwana Suud?"

Jamaa, nilikuja na kesi ya polisi, ikageuka kesi ya ndoa. Nilijibu mbio, "Hakuna aliyezaa, nilisema uongo, wallahi nilisema uongo." Ni mara ya kwanza maishani nimeapa kwamba mie mwongo, na niliapa kwa nguvu zote.

Nasra akatoka. Si desturi, lakini akatoka. Kasimama mlangoni, buibui kalikunja mkononi, uso umemtoka rangi. Hakunitukana. Alisema tu, "Babu, uliapa." Hapo ndipo niliposhuka kabisa. Maboliti, maduka, shati moja, vyote vikashuka na mie. Mchumba wa tatu huyu. Nilimwona Mazin anainuka kuondoka, na nikajua nikimwacha apite ule mlango, Nasra hatanitazama tena.

Nikafanya nisilolifanya tangu ile siku ya Hamriya. Nikamshika Sheikh Hilal goti.

"Kunradhi," nikamwambia. "Mwembamba kama mswaki nimeifuta. Hakujaaliwa akili nimeifuta. Barua yako ya onyo niandikwe mie. Lakini watoto hawa hawakuwamo kwenye pikapu."

Akaangalia mkono wangu kwenye goti. "Mshiko ule ule," akasema.

Halafu akaanza kucheka. Kimya kwanza, kisha mpaka kilemba kikalegea. Mazin akakaa tena. Kumbe alikuwa hajainuka kuondoka, alitaka maji.

Akasema kwa sababu ya barua ile walimhamisha Hamriya, wakampeleka kituo cha jangwani mwaka mzima, mchanga na ngamia. Huko alikula chakula cha mchana kila Ijumaa kwa familia moja, na huko ndiko alikomwoa mama yake Mazin.

Mnanijua. Sikuweza kunyamaza.

"Basi mie ndiye niliyekuoza," nikasema. "Na Mazin asingekuwapo bila ya mie."

"Babu," akasema Nasra.

"Nasema hesabu tu."

Sheikh Hilal akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Akasema posa wameleta na posa hawairudishi. Akatoa sharti moja. Nikasema sema, lolote.

"Mungu akiwajaalia hawa," akasema, "na siku ukinipigia simu kuniambia Nasra yuko hospitali anajifungua, mimi safari hii sisubiri nje. Nitaingia na wewe mkono kwa mkono mpaka nimwone mtoto. Na blanketi ninalo bado."

Wameondoka na furaha. Nasra kanibusu mkono, kisha kaichukua ile karatasi akaichana vipande vinne, na kila kipande akakiangalia kimeanzia wapi. Bi Zuwena tangu waondoke anatafuta sandukuni picha ile ya pikapu nyekundu, ati ahakikishe tarehe.

Sasa mnaotaka kucheka, chekeni sasa hivi hapa kwenye simu mmalize. Siku ya harusi nitakuwa nimekaa mlangoni, kulia, nakagua sura moja moja. Na mkimwona mtu mnene wa masharubu, msimguse, huyo kaja kupiga zumari. Nilishamkodi kupitia kwa Sheikh Hilal, kama njia ya kumwomba radhi kuhusu mjomba wake.